Moshi wa Gari na Lugha ya Mafundi

Gereji za Ziwa la Ng'ombe, upande wa Kisauni, ni kamusi isiyochapishwa. Hebu msikilize fundi aliyeinamia injini. Atakuomba uushike usukani, akaze parafujo, kisha autazame moshi. Maneno hayo machache yamebeba zaidi ya miaka 400 ya historia ya Pwani.

Parafujo tuliachiwa na Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Usukani una asili ya Kiarabu, nao uliongoza majahazi kabla ya kuingia garini. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikatupa gari la moshi. Waingereza nao wakatuletea injini, plagi, kabureta na gasketi.

Vipuri, basi, tulivikopea majina. Maradhi je? Hapo fundi hakopi. Gari lakohoa, lachemka, lanywa mafuta, lameza oili. Vitenzi hivyo vyote ni vya Kibantu, na vingi ni vya mwili wa binadamu. Wazee wetu waliyapokea majina ya mgeni, lakini uchunguzi wakaufanya kwa lugha yao.

Faida yake ni ya mfukoni. Wenye magari wengi, wasomi wenzangu hasa, hufika gereji na sentensi moja: "Lina shida." Shida ipi, bwana? Fundi hubahatisha, kipuri kizima hubadilishwa, na mwenye gari hulipa. Kumbe angetazama bomba la moshi kwanza. Moshi mweusi: petroli imeizidi hewa, anza kwa kukagua kichujio cha hewa. Moshi wa buluu: oili yaungua ndani ya silinda, huenda ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto: pengine gasketi imeungua na maji yaingia kwenye silinda. Zima, usiendeshe.

Siku hizi gari hupimwa kwa kompyuta, na majibu hutoka kwa Kiingereza. Sawa. Lakini nambari ya kosa peke yake haitoshi. Kikohozi kilianza lini, injini ikiwa baridi au moto, ni mwenye gari atakayesimulia. Watunzi wa kamusi na walimu wa ufundi waende gereji wakaziandike maana hizi, maana waliozizoea kabureta wanastaafu, nao huondoka na maneno yao.