Machipuko ya Kiwira

Mfasiri wa mashairi ya Ulaya hukwama mapema kwenye majira ya machipuko. Sisi hatuna theluji ya kuyeyuka, basi neno lenyewe laonekana geni. Lakini na twende Kiwira, wilayani Rungwe.

Katika miezi mikavu ya baridi, mibuni ya huko husimama na vichipukizi vilivyofumba. Mvua za kwanza zinyeshapo, aghalabu Oktoba au Novemba, huamka. Yapata siku kumi baadaye, bustani za nyumbani, chini ya migomba, hujaa maua meupe yanukiayo kama asumini. Siku mbili tatu tu, nayo hunyauka.

Mbuni si mzaliwa wa Rungwe. Asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Yemen ikaulea, nasi Pwani tukaipokea kahawa kwa njia ya bahari. Twaijua kwa kikombe, si kwa ua. Wamoravian walifungua misheni Rungwe mwaka 1891, na Wajerumani wakaiita Tukuyu Neu-Langenburg. Zama za Waingereza mbuni ulienea mashambani mwa Wanyakyusa, na ua likawa ahadi: tunda huiva baada ya miezi minane au tisa, nalo hulipa karo ya mtoto na bati la paa. Mvua kubwa ikiyapiga maua siku hizo, ahadi hupungua.

Tangu nilipolielewa hilo, sisiti tena kuandika "machipuko". Ulaya huletwa na jua. Kwetu huletwa na mvua.