Kizibo cha mpira cha mabomba
Kizibo cha mpira ni kifaa cha kuziba bomba kwa muda, hasa la maji taka. Pete nene ya mpira hukaa kati ya sahani mbili zilizopitishwa bolti. Nati yenye masikio ikikazwa, sahani hukaribiana na mpira hutanuka hadi kubana ukuta wa bomba. Bomba lazima lifutwe kwanza, kwani mchanga au ukoko kidogo tu huacha maji yapenye.

Kizibo hiki hutumika kupima uvujaji wa bomba lililojazwa maji, kabla ya mtaro kufukiwa. Katika soko linalokua kama Myanga, kaunti ya Bungoma, fundi asiye nacho huweza kuziba kwa matambara na tyubu ya baiskeli, lakini kizibo cha namna hiyo hakiaminiki chini ya shinikizo la maji. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 100, likiwa na maji ya kimo cha mita 3, hukisukuma kizibo kwa nguvu ya takribani kilo 24. Kwa hiyo fundi asisimame mbele yake kamwe. Anapokitoa, apunguze maji kwanza, ndipo alegeze nati polepole.