Dawa Iliyotuhumiwa kwa Kosa Lisilo Lake

Ni nadra katika tarihi ya utabibu kuiona dawa iliyolaumiwa kwa kosa isilolitenda, ikatupwa, ikarejeshwa kwa heshima, na baada ya hayo yote ndipo kosa lake la hakika likadhihirika; na hiyo ndiyo kadhia ya parasetamoli, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Panadol.

Mmarekani Harmon Northrop Morse aliitengeneza katika miaka ya 1870, wala hakuna aliyeijali. Mwaka 1886, mjini Strasbourg, matabibu Cahn na Hepp waligundua kwa sadfa kwamba kemikali nyingine, asetanilidi, hushusha homa, lakini midomo ya baadhi ya walioinywa iligeuka samawati, kwa kuwa iliifisidi damu. Mwaka 1893 Joseph von Mering, tabibu wa Kijerumani, alitoa habari za kuijaribu parasetamoli, akaituhumu kwa dhambi hiyohiyo, ikawekwa kando kwa zaidi ya nusu karne. Hata mwaka 1948 wanasayansi Brodie na Axelrod wakabainisha huko New York kwamba asetanilidi hugeuka mwilini kuwa parasetamoli, na kwamba hiyo ndiyo itulizayo maumivu, ilhali uharibifu wa damu watoka kwingine. Basi ikauzwa Marekani mwaka 1955 na Uingereza mwaka uliofuata, ikapendwa kwa kuwa haikuliudhi tumbo kama aspirini.

Mwaka 1966 madaktari Davidson na Eastham wa Edinburgh walitoa habari za wagonjwa wawili ambao maini yao yaliangamia kwa kuzidisha dawa hiyo. Miaka michache baadaye wataalamu wa Marekani wakaeleza sababu: sehemu ndogo ya dawa hugeuzwa na ini kuwa sumu, ambayo huzimwa na akiba ya glutathioni; na akiba hiyo ikimalizika, sumu huligeukia ini lenyewe. Dawa iitwayo asetilisisteini huirudisha akiba hiyo, nayo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu azidishe. Ila mgonjwa siku ya kwanza huenda asihisi lolote zaidi ya kichefuchefu, akadhani amesalimika.

Kwa hiyo, msomaji, mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu na parasetamoli iliyomo katika dawa za mafua. Mlevi na aliyedhoofu kwa njaa wamwulize daktari kwanza. Na aliyezidisha aende hospitali upesi, asingoje maumivu.