Fulana na Pamba ya Rufiji

Neno fulana, ambalo leo ni jina la vazi, lilianza safari yake likiwa jina la kitambaa: flaneli. (Lisichanganywe na fulani, ambaye hana nguo wala jina.) Flaneli ya asili ilikuwa ya sufu. Baadaye viwanda vya Ulaya vikaiiga kwa pamba, vikiukwangua uso wa kitambaa kwa brashi za waya hadi uote nyuzi laini mfano wa malaika ya mwilini. Nyuzi hizo hushika hewa, na hewa hutunza joto. Kwa hiyo flaneli ya pamba ikawa ya kumviringishia mtoto mchanga, ya nguo za kulalia na ya shuka za nchi za baridi. Pwani yetu ililichukua jina, ikayaacha manyoya. Fulana ya mvuvi wa Nyamisati, kule Kibiti, kazi yake ni kunyonya jasho.

Viwanda hivyo vilikuwa na njaa ya pamba, na njaa hiyo ilifika Rufiji. Ujerumani haikutaka kuitegemea Marekani daima. Mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, na wanavijiji wakalazimishwa kuyalima chini ya maakida na majumbe. Ujira wa mwaka wa kwanza ulikuwa senti 35 kwa mtu. Watu waliukataa. Lakini fedha haikuwa chungu kuliko wakati ulioibwa: siku za pamba ndizo siku za mpunga na mahindi, na shamba lisilolindwa usiku ni la nguruwe.

Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa mto, watu waliing'oa pamba ya serikali. Ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Warufiji waliuchukia mmea wenyewe. Wakati wa Waingereza, mafuriko yakishapungua, kaya zilipanda pamba katika mashamba yao ya mlau, pamoja na mahindi, zikaiuza kwa wafanyabiashara. Ikawa zao lao kubwa la fedha. Walichokuwa wameking'oa Nandete ni shamba la akida.