Zamu ya Kulinda Bahari

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu hunyesha, na hapo ndipo ugumu wa kazi ya mlinzi ulipo. Mfano mzuri ni historia fupi ya bandari ya Tomakomai, kisiwani Hokkaido, Japani.

Mwezi wa Aprili 2016, Wajapani walianza kuzika huko hewa ya ukaa itokayo katika kiwanda cha kusafisha mafuta. Waliisukuma kwa mabomba hadi ndani ya miamba, mita 1,000 na zaidi chini ya sakafu ya bahari. Wanorwe walikwisha kuwatangulia tangu 1996 huko Sleipner, lakini Sleipner iko mbali, katikati ya Bahari ya Kaskazini. Tomakomai ni pwani ya wavuvi. Hewa hiyo ikivuja huyeyuka majini, maji yakawa na ukali, na viumbe wenye magamba wakadhurika. Kwa hiyo ilibidi maji yapimwe mara kwa mara.

Vipimo vya kwanza baada ya kazi kuanza vilivuka mpaka uliowekwa. Je, hewa imevuja? Shughuli haikuendelea mpaka mwanzoni mwa 2017, uchunguzi ulipobainisha kwamba hakuna kilichovuja. Bahari nayo hupumua: vitu vinapooza majini, oksijeni hupungua na hewa ya ukaa huongezeka. Mpaka ule ulitokana na vipimo vya mwaka mmoja, na mwaka mmoja hautoshi kuijua tabia ya bahari.

Wapo watakaosema muda ulipotea bure. Mimi siafiki. Sisi tuliowafunza walimu tulisisitiza daftari la kila siku, kwa sababu huwezi kusema mtoto amebadilika ikiwa hukuandika alivyokuwa jana.

Septemba 2018, tetemeko kubwa liliitikisa Hokkaido. Swali lile lile likarudi, na safari hii kumbukumbu za kulijibia zilikuwapo. Hakuna uvujaji ulioonekana. Novemba 2019, tani 300,000 zilipotimia, kazi ya kuzika ilikoma.

Kulinda hakukukoma, wala hakuwezi kukoma upesi. Hewa ile itadumu chini kuliko umri wa wale walioizika. Azikaye kitu cha namna hiyo huwarithisha wajukuu zamu ya kulinda. Basi na awaachie pia daftari lililoandikwa kwa uaminifu.