Kufuma na Kufumua: Historia ya Ufumaji wa Pwani kwa Ushahidi wa Maneno



Mhadhara huu unatetea hoja moja: mfumaji wa pwani hakuwa mwigaji wa nguo za wageni. Alizifumua ili afume zake, na lugha yake ni shahidi.

Tuanze na ardhi. Huko Kilwa, kusini mwa delta ya Rufiji, uchimbaji wa Neville Chittick ulipata vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Hivyo vilikuwa vyombo vya kusokotea uzi. Nguo, basi, haikuletwa na vyombo vya bahari pekee.

Mfano bora zaidi umo Sofala, katika Msumbiji ya leo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika takriban mwaka 1518, anaeleza kwamba wafumaji Waislamu wa huko walikuwa na pamba nyeupe lakini walikosa rangi. Walichukua vitambaa vya rangi vya Cambay, Uhindi, wakavifumua, kisha wakafuma upya nyuzi hizo pamoja na zao nyeupe. Barbosa aliona upungufu. Mimi naona jaribio la msanii.

Msamiati nao umefumwa hivyo hivyo. Vitenzi vya msingi ni vya Kibantu: fuma, suka, tanda. Kutokana na tanda tumepata mtande, yaani nyuzi zilizotangulia kutandwa. Zinazopitishwa kati yake na kushindiliwa ni mshindio. Lakini pamba ni neno la Kiajemi, hariri na taraza ni ya Kiarabu, na merikani ni jina la kitambaa kilicholetwa kutoka viwanda vya Massachusetts tangu miaka ya 1830. Vitu vilipokewa, tendo lilibaki letu.

Merikani ilimdhoofisha mfumi. Baadaye Wajerumani walilazimisha kilimo cha pamba ya kusafirishwa ng'ambo, na Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa. Pamba ilikuwa imerudi bila kitanda cha mfumi.

Hapo ndipo Mahege, katika wilaya ya Kibiti, inapotufaa. Usukaji wa ukili, sanaa kongwe ya pwani yote, haukuhitaji pamba wala kitanda. Makuti machanga ya mkindu hukaushwa, huchanwa kuwa chane, mengine huchemshwa katika rangi; kisha ukili mrefu husukwa na kushonwa kuwa mkeka. Katika ukili hakuna mtande uliotangulia: kila chane hupita juu na chini ya wenzake kwa zamu, ikiwa mtande na mshindio kwa wakati mmoja. Ruwaza hukaa kichwani na vidoleni mwa msukaji.

Naye akikosea, hufanya nini? Hufumua. Kiambishi -u- cha kinyume, kinachotoa fungua katika funga, kimetoa fumua katika fuma; na leo tunafumua hata vilivyosukwa, ukili na nywele pia. Nadiriki kusema kwamba neno la kitanda kilichopotea limehamia mikononi mwa wasukaji.

Leo mkeka wa plastiki unauzwa kila gulio. Kamusi zetu zimehifadhi mtande na mshindio baada ya mfumi kutoweka. Tusingoje msukaji naye atoweke. Mwanafunzi aendaye Mahege asiridhike na jina la mkeka. Aulize jina la kila tendo la vidole, na aliandike kama alivyolisikia.