QUEEN I: Albamu iliyorekodiwa kwa masaa ya mabaki yarudi ikiwa imeoshwa baada ya miaka 51

Wadau wa muziki, Julai 13, 1973 kuna albamu ilitoka kule Uingereza na watu wengi wakaipita kama vile haipo. Jina lake lilikuwa Queen tu, sawasawa na jina la bendi. Singo iliyotangulia, Keep Yourself Alive, haikuingia hata kwenye chati za kwao. Na vijana wanne walioipiga wakabaki na dukuduku moyoni: sauti iliyotoka kwenye santuri haikuwa ile waliyokuwa wanaisikia vichwani mwao.

Oktoba 25, 2024, albamu ileile ikarudi sokoni kwa jina la Queen I. Haijasafishwa juu juu kama matoleo mengi ya zamani yanavyofanywa. Imemiksiwa upya kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Kuna wanaoshangilia, na kuna wanaosema huko ni kuchezea historia. Ili kujua nani ana hoja, inabidi kwanza ijulikane hiyo albamu ilizaliwaje, maana haikuzaliwa kifalme hata kidogo.

VIJANA WANNE, MFUKO MMOJA MTUPU

Mwimbaji wa bendi hii alizaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka kama nane alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Zanzibar akiwa kijana, na mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembeni ya London. Leo ukipita Shangani, Mji Mkongwe, utakuta jumba la makumbusho lenye jina lake la usanii: Freddie Mercury.

Lakini miaka ile ya mwanzo hakuna aliyekuwa anapiga picha mlangoni kwao. Freddie alikuwa kasoma uchoraji na usanifu wa michoro chuo cha Ealing, na alikuwa anauza nguo Kensington Market pamoja na mpiga dramu Roger Taylor, aliyekuja London kusomea meno. Mpiga gitaa Brian May alikuwa mwanafunzi wa fizikia Imperial College, na gitaa lake alilitengeneza nyumbani na baba yake, shingo ikichongwa kutoka kwenye mbao za meko ya zamani. Wa mwisho kuingia alikuwa mpiga besi John Deacon, mwaka 1971, naye akisomea mambo ya umeme. Yaani bendi nzima ni wasomi, na bendi nzima haina hela.

Bahati yao ya kwanza ilitoka Wembley. Mwishoni mwa 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya na ilihitaji bendi yenye kelele ya kujaribia mitambo. Queen wakaenda kupiga kelele hizo, na malipo yao yakawa kurekodi demo bure. Wakatoka na nyimbo tano: Keep Yourself Alive, The Night Comes Down, Great King Rat, Jesus na Liar. Demo hiyo waliipenda sana. Dramu zilikuwa zinapumua, gitaa lina nafasi yake, unasikia kabisa watu wako chumbani wanapiga.

MASAA YA MABAKI

Halafu ikaja studio ya Trident, mtaa wa Soho, London. Hapo si pa mchezo. The Beatles walirekodi Hey Jude pale mwaka 1968, na David Bowie alirekodi pale albamu yake ya Ziggy Stardust. Wamiliki walikuwa ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield, na waliwachukua Queen kwa mkataba uliojumlisha kila kitu: kurekodi, usimamizi, mpaka haki za nyimbo.

Kwa nje ilionekana vijana wametoboa. Kwa ndani kulikuwa na sharti. Studio ilikuwa ya wateja wanaolipa, na Queen hawakuwa wanalipa, kwa hiyo waliingia pale wateja wenye hela zao wakishaondoka. Mara nyingi ilikuwa usiku wa manane. Mtu unakaa unasubiri, unaitwa, unapiga kipande, asubuhi inafika unafukuzwa maana mwenye chumba kaja. Albamu nzima ya mwaka 1972 ilijengwa kwa mtindo huo, kipande leo, kipande wiki ijayo.

Katika kusubiri huko Freddie hata aliitwa kuimbia mradi wa mtu mwingine palepale studio, na wimbo huo ulitoka 1973 kwa jina la kubuni, Larry Lurex. Jina la Queen lilikuwa bado halijafika dukani.

DRAMU ZILIZOZIBWA PUMZI

Sasa twende kwenye kidonda chenyewe. Trident walikuwa na mtindo wao wa kurekodi dramu. Zilikaa kwenye kijichumba kidogo, ngozi zake zikabandikwa tepu ili zisivume. Sauti inayotoka ni kavu, fupi, kama mtu anagonga boksi la karatasi. Miaka ile mtindo huo ulikuwa unapendwa na studio nyingi, na kwa muziki laini ulifaa. Kwa bendi ya roki nzito yenye magitaa yaliyopandana tabaka kwa tabaka, ilikuwa ni kumfunga mtu mdomo halafu kumwambia apige yowe.

Roger Taylor hakuipenda. Brian May hakuipenda. Lakini kijana asiyelipia studio anamwambia nini mwenye studio? Prodyuza Roy Thomas Baker na mwenzake John Anthony walifanya kazi kwa utaratibu wa nyumba, na bendi ikafuata.

Kuna alama mbili za ugomvi huo zilizobaki ndani ya albamu. Ya kwanza ni The Night Comes Down. Walijaribu kuirekodi upya Trident, haikufikia ile ya Wembley, basi ikawekwa ileile ya demo. Ndiyo maana kwenye santuri ya 1973 wimbo huo unasikika kama umetoka nyumba nyingine. Ni kweli ulitoka nyumba nyingine. Alama ya pili ni wimbo ambao haukuwepo kabisa. Mad the Swine, utunzi wa Freddie, ulipangwa kuwa wa nne, lakini hawakuelewana juu ya sauti ya midundo yake, ukaachwa. Mashabiki waliupata rasmi 1991 tu.

Kazi ilikamilika kabla 1972 haijaisha, halafu ikakaa miezi ikisubiri kampuni ya kuitoa. EMI waliitoa Uingereza Julai 1973 na Elektra wakaitoa Marekani baadaye mwaka huohuo. Roki ya miaka ile ilikuwa inakimbia, miezi hiyo ilikuwa mingi. Kwenye jalada bendi iliandika kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza, maana walijua watu wakisikia zile tabaka za gitaa wangedhani ni mashine. Hiyo ndiyo fahari pekee waliyoweza kuilinda: mikono ni yetu, hata kama chumba si chetu.

KILICHOFANYIKA 2024

Kwenye Queen I, mafundi walirudi kwenye tepu za mwanzo chini ya usimamizi wa Brian na Roger. Maelezo ya bendi ni kwamba upigaji haujaguswa, kila noti ni ileile ya wakati ule, ila kila chombo kimepewa sauti ambayo wao wangeitaka tangu siku ya kwanza. Dramu zimefunguliwa pumzi. Mad the Swine imerudishwa kwenye nafasi yake ya nne, kati ya Great King Rat na My Fairy King. Boksi kubwa lina CD sita na santuri moja: ndani yake kuna miksi mpya, demo za De Lane Lea, majaribio ya studio, nyimbo bila sauti ya mwimbaji, vipindi vya BBC na shoo za jukwaani.

Ukisikiliza Liar kwa spika nzuri, tofauti unaipata mara moja. Ule mdundo wa mwanzo sasa unakuja na kifua. Great King Rat imekuwa nzito kama ilivyotakiwa. Hakuna ubishi, inasikika vizuri zaidi, na kijana wa leo anayewajua Queen kwa Bohemian Rhapsody tu ataelewa haraka kwamba hawa jamaa walianza kama bendi ya roki nzito hasa.

Tatizo liko kwingine. Mfano ni ile picha ya babu ya rangi nyeusi na nyeupe. Mjukuu anaiingiza kwenye simu, anaitia rangi, anaondoa mikwaruzo, na babu anatoka mzuri kweli. Lakini shati la babu lilikuwa na kiraka begani, na kile kiraka ndicho kilichokuwa kinaeleza babu alikuwa anaishije. Kwenye picha mpya kiraka hakipo.

The Night Comes Down ndiyo kiraka cha albamu hii. Kwenye miksi ya 2024 imefanana na wenzake, haisikiki tena kama imetoka nyumba nyingine. Imekuwa nzuri, ila haisemi tena kwamba mwaka 1972 kulikuwa na vijana wanne walioshindwa kuipata sauti yao ndani ya studio ya watu wenye hela, wakalazimika kuokoa wimbo mmoja kwa demo ya bure.

NANI ANAPIGA KURA?

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Walioipiga ni wanne, walioamua ni wawili. Freddie alifariki Novemba 24, 1991. John Deacon alijitoa kwenye muziki miaka ya tisini mwishoni na anaishi kimya. Roy Thomas Baker, aliyesimamia ile sauti ya zamani, naye alifariki Aprili 2025. Brian na Roger wana haki, tena haki kubwa, maana wao walikuwepo chumbani na malalamiko yao hayakuanza jana. Lakini kumbukumbu ya mzee wa miaka sabini na kitu juu ya alichokitaka akiwa na ishirini na kitu ni ushahidi wa aina yake. Santuri ya 1973 ni ushahidi wa aina nyingine. Mmoja unaeleza walitaka nini. Mwingine unaeleza waliweza nini.

Kwa hiyo anayesema toleo jipya ni uongo anakosea, na anayesema toleo la zamani sasa litupwe anakosea zaidi. Zote mbili zisikilizwe, na ikiwezekana zifuatane: kwanza ya 1973 pamoja na dramu zake kavu, halafu demo za Wembley, mwisho ya 2024. Ukizipanga hivyo, unasikia safari nzima: kilichotoka, kilichokuwa kimeshapatikana kabla, na kilichosubiriwa nusu karne.

Na usisahau jinsi albamu ya kwanza inavyoisha. Wimbo wa mwisho, Seven Seas of Rhye, ni kipande kifupi kisicho na maneno, kinaanza na kuyeyuka kabla hujakizoea. Kama vile saa za studio ziliisha. Mwaka uliofuata, 1974, waliurudia ukiwa kamili kwenye Queen II, ukafika namba 10 Uingereza, na hapo ndipo watu wakarudi dukani kuitafuta ile albamu ya kwanza waliyoipita. Ikapanda mpaka namba 24. Ilipanda hivyohivyo na dramu zake za boksi la karatasi.